Mwendo wa magari mitaani: Tunajifunza nini kwa Mtume (s.a.w.)?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari. Tulipofika kwenye mada ya kuua bila kukusudia, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadhi, dereva aliyemgonga mtoto mtaani akafa, na hakukusudia, ana deni lolote kwa Allah?" Darasa zima likanyamaza likingoja jibu. Nimeona niliandike hapa jibu hilo, kwa sababu wenye usukani na wenye pikipiki ni sisi wazazi, si wanafunzi wale.

Jibu liko katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Anayemuua muumini kwa kukosea anabakiwa na madeni mawili. La kwanza ni diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe wenyewe. La pili ni kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata, kufunga miezi miwili mfululizo, ikiwa ni toba kwa Allah. Mara nyingi polisi wakimaliza kazi yao, mahakama ikitoa hukumu na bima ikilipa, dereva hurudi barabarani akidhani mambo yamekwisha. Lakini hakuna kampuni ya bima inayoweza kumfungia mtu siku sitini.

Aidha, wanazuoni wamelijadili suala hili katika zama zetu. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei na kupitisha azimio kuhusu ajali za barabarani. Lilieleza kuwa kufuata sheria za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kwa Muislamu, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali chache, kama vile kufikwa na jambo asiloweza kulizuia. Hivyo anayepuuza kibao cha mwendo asidhani kuwa amemkosea askari wa barabarani peke yake.

Mwendo aliokwenda Mtume (s.a.w.)

Wapo watakaosema kuwa zama za Mtume (s.a.w.) hapakuwa na magari, basi dini haina la kusema hapa. Si kweli. Tutazame siku ya Arafa katika Hija ya kuaga. Jua lilikuwa limezama, na umati mkubwa wa Waislamu ulikuwa unaondoka kwa pamoja kwenda Muzdalifa. Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia, katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alimvuta hatamu ngamia wake Qaswaa mpaka kichwa chake kikawa kinagusa tandiko, huku akiwaashiria watu kwa mkono wa kulia wawe na utulivu. Ibn Abbas (r.a.) naye anasimulia, katika Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) alisikia nyuma yake kelele na ngamia wakichapwa waende mbio, akawaambia watu watulie, kwani wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama.

Usama bin Zaid (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikwenda vipi siku ile, alijibu kuwa alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi iliyo wazi aliongeza mwendo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Ndugu msomaji, zingatia hapo. Mtume (s.a.w.) hakukataza kwenda kasi moja kwa moja, na wala hakuwa na mwendo mmoja wa kila mahali. Penye watu alizuia, penye uwazi aliachia. Mwendo ulifuata hali ya njia na waliomo njiani. Huu ndio msingi wa sheria yoyote nzuri ya mwendo.

Fundisho kama hilo tunalipata kwa Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake mpaka wakaongeza kasi. Mtume (s.a.w.) alimwambia apunguze, akawafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Na Abu Musa (r.a.) amepokea amri kuwa anayepita na mishale katika misikiti au masoko ashike ncha zake, isije ikamjeruhi Muislamu. Mshale ni halali kuumiliki. Lakini ukiingia nao penye watu, unashika ncha. Gari nalo ni halali. Swali ni je, tukiingia mtaani tunashika ncha?

Hesabu ya mita kumi na tano

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo yenye makazi. Kwa barabara kubwa inayopita kati ya nyumba, hiyo ni nafuu. Lakini tuchukue uchochoro wa lami wa Temeke au Magomeni, nyumba zimepakana na barabara, hakuna njia ya waendao kwa miguu, na watoto wanatoka madrasa.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima wa afya huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki. Sasa mtoto akitokea ghafla mita 15 mbele, gari la kilomita 50 litakuwa limekwisha kula mita 14 kabla breki haijashika. Litamgonga kwa kasi karibu ile ile. Gari la kilomita 30, kwenye lami kavu na breki nzuri, linahitaji kama mita 13 tu kusimama kabisa. Mtoto yule yule, dereva yule yule, na breki zile zile. Mmoja anapelekwa makaburini na mwingine anagombezwa na mama yake kwa kutoangalia barabara.

Na tunaokoa nini kwa kukimbia? Kilomita moja ya mtaani kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72. Kwa mwendo wa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Ni muda wa kusoma Suratul-Fatiha kwa utulivu.

Kwa sababu hii, mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 mahali ambapo magari na watu huchanganyika, na mwezi Agosti mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo. Mji wa Graz huko Austria ulikuwa umeanza tangu mwaka 1992. Wales ilifuata Septemba 2023 kwa maili 20, yaani kama kilomita 32. Watu zaidi ya laki nne walitia saini kupinga, lakini katika mwaka wa kwanza majeruhi kwenye barabara hizo walipungua.

Wala tusiseme hayo ni ya Ulaya. Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za msingi, na majeruhi wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji.

"Ajali ni kadari"

Ni kweli kuwa kila kitu ni kwa kadari ya Allah. Lakini Umar (r.a.) alipokataa kuingia Sham yenye tauni na kuulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kukanyaga breki nako ni kadari. Anayekimbia mtaani kisha akasingizia kadari anamzulia Mola wake.

Tufanye nini?

Kwanza, dereva Muislamu asingoje kibao wala tochi ya askari. Akiingia mtaani ateremke mpaka 30. Nalisema hili hasa kwa siku ya Ijumaa, pale tunapokimbiza magari na pikipiki tuwahi khutba. Mtume (s.a.w.) amekataza kuikimbilia swala hata kwa miguu, na ametutaka tuiendee kwa utulivu. Itakuwaje kuikimbilia kwa tani moja ya chuma?

Pili, mwenye bodaboda au bajaji aiangalie upya hesabu anayomdai kijana wake kila jioni. Hesabu isiyolipika ila kwa kukimbia, mwenye chombo ana fungu lake katika madhara yatakayotokea.

Tatu, kamati za misikiti na walimu wa madrasa wahudhurie mikutano ya mtaa. Waombe kwa maandishi, kupitia serikali ya mtaa, TARURA iweke matuta na vibao vya 30 kwenye njia za watoto. Tusijijengee matuta ya zege usiku, yasiyo na rangi wala alama. Bodaboda akianguka hapo naye ana mama. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake.

Nne, tunaoomba lami katika mitaa yetu tuombe na matuta katika barua hiyo hiyo. Lami bila kizuizi inaleta kasi kabla ya kuleta maendeleo.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Wengi tunaujua udhia wa mwiba na jiwe. Udhia mkubwa wa njia zetu leo ni kasi, na kuuondoa hakuhitaji kuinama. Kunahitaji kunyanyua mguu kidogo kutoka kwenye mafuta.

Wallahu a'lam.