Dondoo muhimu: Pasaka, kazi na nyumbani
Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko ya kitaifa Tanzania. Alhamisi Kuu ni siku ya kazi. Ibada yake ni ya jioni, kwa hiyo omba ruhusa ya kutoka mapema kabla ya Jumapili ya Matawi, usingoje asubuhi ya siku yenyewe.

Unafanya kazi kwa zamu, hospitalini au hotelini? Elewana na mwenzako Mwislamu: akushikie zamu usiku wa mkesha wa Pasaka, nawe umshikie siku ya Idd. Msimamizi ayaingize makubaliano hayo kwenye ratiba.

Nyumbani nako, mchele, viungo na vitunguu vya pilau ya Pasaka vinunuliwe mapema. Inaniuma kuona mama akichambua mchele wa pilau Jumamosi usiku wakati wenzake wanawasha mishumaa kanisani. Baba na vijana waingie jikoni tangu mchana.