Kabla ya Kumchukua Mbwa wa Makazi

Mkazi wa Nairobi anayetaka mbwa hana haja ya kununua mtoto wa mbwa kando ya barabara, asiyejulikana katoka wapi wala kachanjwa nini. Mtaani Karen kuna makazi ya KSPCA, chama cha kutetea na kutunza wanyama kilichoanza mwaka 1910, na humo wamo mbwa na paka waliookotwa, waliotelekezwa au waliotolewa mikononi mwa watu waliowatesa. Wengi ni wa kienyeji. Hilo lisikukatishe tamaa, maana mbwa wa kienyeji ni mwerevu na hulinda lango vizuri.

Usichague kwa rangi. Waeleze wahudumu unavyoishi: watoto wako wana umri gani, unarudi kutoka kazini saa ngapi, uani kuna kuku au hakuna. Wao ndio wanaowalisha wanyama hao kila siku, wanajua yupi huogopa ngurumo na yupi hapatani na paka. Anayeanza kufuga namshauri achukue mbwa mzima. Mtoto wa mbwa hutafuna viatu na kulia usiku, tena hujui atakuwa mkubwa kiasi gani; mzima unamwona alivyo.

Kisha watakuja kukagua nyumbani kwako. Wapo wanaoudhika kwa hilo, na sioni sababu. Kinachoangaliwa ni kama ua umekamilika, kama mbwa hawezi kupenya chini ya geti, kama anapolala hapavuji, na kama hatashinda kwenye mnyororo. Ukiwa mpangaji, pata kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo husahaulika siku jirani akilalamikia kubweka.

Mnyama hutolewa akiwa amehasiwa na kuchanjwa, nawe huchangia gharama. Dai kadi ya chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa irudie kila mwaka, kwani dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, karibu kila mara hufa. Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Asiyeweza kujifunga kwa miaka kumi au zaidi anaweza kulea kwa muda. Kazi nzito kuliko zote ni paka wachanga wasio na mama. Hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kwa maziwa maalumu ya paka, kwa sababu ya ng'ombe huwaharisha. Wanyonyeshe chupa wakiwa wamelala kifudifudi, kamwe si chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Wakishiba, wapanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu ili wakojoe. Mama yao angewafanyia hivyo kwa ulimi. Kabla hujawabeba, uliza nani atamlipa daktari, na utampigia nani simu saa nane za usiku mmoja wao akikataa kunyonya.