USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA: SOMO LA KWATO ZA PUNDA

Ndugu msomaji, methali hii umeisikia tangu ukiwa shule ya msingi. Mimi pia niliisikia, nikaiandika kwenye insha, nikapewa alama zangu nikaenda zangu. Sikujua kwamba siku moja nitaiona kwa macho yangu mawili, ufa ukiwa ufa kweli na ukuta ukiwa ukuta kweli, chini ya mguu wa punda wetu.

Sisi twakaa Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi. Baba huuza maji kwa mkokoteni. Punda wetu tulimpa jina Matatu, kwani siku zote hakosi nafasi ya mtungi mmoja zaidi. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji peke yake, hujahesabu mkokoteni wenyewe. Karo yangu hutoka humo.

Mwaka juzi Baba alianguka akavunjika mguu. Akafungwa plasta, akakaa nyumbani miezi minane. Muda huo wote Matatu alifungwa kwa kamba nyuma ya nyumba, kwenye matope na mavi yake. Tulimpa mkate uliolala na mabaki ya ugali, tukadhani anapumzika. Baba alipopona, tukamrudisha kazini. Ajabu! Kila hatua kumi anasimama. Akifika mteremkoni analala chini. Majirani wakasema, "Huyo amezoea kula bure, mtie adabu!" Baba akamtia adabu. Naandika haya kwa aibu, maana aliyemshikia Baba kiboko ni mimi.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Lakini Matatu hakutupiga teke hata moja. Jambo hilo lilinisumbua.

Ukwato ni nini?

Jumamosi moja nilipanda matatu ya 46 hadi katikati ya jiji, nikaingia Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, kutafuta vitabu vya wanyama. Haya ndiyo niliyojifunza.

Ukwato umeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba kucha zako. Sehemu ya nje, ngumu, ni ukuta. Ukuta huota kutoka juu, pale nywele za mguu zinapoishia, ukashuka polepole hadi chini. Kwa mwezi mmoja huota kiasi cha milimita 6 hadi 10, kwa hivyo ukuta mpya huchukua karibu mwaka mzima kufika ardhini mbele ya ukwato. Chini kuna wayo. Katikati ya wayo kuna nyama ngumu kama mpira, yenye umbo la herufi V, ambayo husaidia kupunguza kishindo mnyama anapokanyaga. Ndani kabisa kuna mfupa ulioshikwa na nyama hai, zenye damu na maumivu kama zako.

Ukuta wenyewe hauna hisia. Ukikatwa vizuri mnyama hasikii kitu, kama wewe unapokata kucha. Ukiachwa bila kukatwa, nao hurefuka mbele, hujikunja na kupasuka.

Mababu wa punda walikuwa punda-mwitu wa nchi kavu za Afrika, kwenye mawe na vumbi. Huko kwato hujinoa zenyewe. Kwato za punda hunyonya maji upesi kuliko za farasi, ndiyo maana matope ni adui yake mkubwa. Hulainika, zikaoza, na uchafu ukapenya ndani ya nyufa.

Nilirudi nyumbani nikainama nikatazama. Jamani! Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka kama viatu vya mcheza sarakasi. Wa kulia ulikuwa na ufa kutoka chini hadi karibu nusu. Ile nyama ya V ilikuwa nyeusi na yenye harufu mbaya.

Tiba, hatua kwa hatua

Upande wetu huu hakuna uhaba wa wajuzi wa kwato. Kabete kuna chuo cha madaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Karen kuna makao ya KSPCA, chama kinacholinda wanyama. Barabara ya Ngong kuna uwanja wa mbio za farasi. Daktari wa mifugo alikuja, akafuatana na fundi wa kwato, mzee aliyezoea kutunza farasi wakubwa na wale wadogo wa kupandwa na watoto.

Fundi aliinua mguu mmoja wa Matatu, naye Matatu akatetemeka mwili mzima. Nikauliza, "Mzee, mbona huyu hapigi teke?"

Akanijibu, "Kijana wangu, ili punda apige teke lazima asimame kwa miguu inayobaki. Na hiyo nayo inamuuma."

Kisha akamgeukia Baba. "Wewe mguu wako ulipovunjika, nani alikupiga kiboko ili utembee?"

Baba hakusema neno. Alitazama chini.

Kwanza, daktari alimdunga Matatu chanjo ya pepopunda. Msomaji, litazame neno hilo vizuri: limebeba jina la punda ndani yake. Ugonjwa huu huingia kupitia vidonda vyenye uchafu, na jamii ya farasi na punda huathirika nao kwa urahisi sana.

Pili, fundi alisafisha kwato kwa kisu chenye ncha iliyopinda, akaondoa sehemu zilizooza. Akakata ncha kwa koleo, akasawazisha kwa tupa. Nilidhani atakata urefu wote siku hiyohiyo. Hasha! Alikata kidogo tu. Alieleza kwamba mishipa na viungo vya mguu vimezoea umbo lile baya, na nyama hai nazo huenda zimesogea mbele. Ukikata yote kwa pupa utamtoa damu na kumlemaza. Alirudi kila baada ya wiki nne, kidogo kidogo.

Tatu, tulimhamisha kutoka matopeni. Tulimwaga kokoto tukainua sakafu, juu yake tukatandaza maranda makavu kutoka kwa seremala. Kila asubuhi nilichokoa uchafu katika kwato zote nne kabla ya kwenda shule.

Nne, tulibadilisha chakula. Mkate na ugali tukaacha. Wanga mwingi na sukari huweza kuleta uvimbe ndani ya ukwato, mahali ambapo hapana nafasi ya kuvimba. Punda hustawi kwa nyasi kavu na maji safi.

Tano, kupumzika. Hapa ndipo penye uchungu. Miezi mitatu Matatu hakuvuta kitu. Mkokoteni tuliuvuta sisi, Baba na mimi, mitungi minne kwa safari, saa kumi na moja alfajiri. Mikono yangu ilitoka malengelenge na karo ilichelewa. Lakini nilijua uzito wa maji kwa mara ya kwanza.

Fundi alikuwa ametia alama ndogo kwa tupa juu ya ukwato wa kulia, nami nikawa naipima kwa rula ya hesabu. Mwezi wa kwanza ilishuka milimita 8. Juu ya alama kulikuwa na ukuta mpya, laini, usio na ufa. Ukuta wa zamani ulishuka na ufa wake, ukakatwa mwezi baada ya mwezi hadi ukaisha. Ilichukua miezi kumi na moja.

Tamati

Leo Matatu anafanya kazi tena, lakini hakupona kabisa. Mguu wa kulia unachechemea kidogo wakati wa baridi. Hatumpakii tena mitungi kumi, sita inatosha, na fundi huja kila baada ya wiki sita hadi nane. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumfanyisha kazi mnyama aliye mgonjwa au aliyejeruhiwa. Kiboko Baba alikivunja mwenyewe akakitia jikoni.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukikutana na punda aliyelala barabarani, usiseme ni mvivu. Inama kwanza, utazame kwato zake.

MAZOEZI

1. Kwa nini kwato zilizorefuka sana hazikatwi zote siku moja?
2. Eleza uhusiano wa matope, nyufa na ugonjwa wa pepopunda.
3. Tunga sentensi mbili kutofautisha "tupa" (chombo) na "tupa" (kitendo).
4. Andika insha kuhusu methali "Fadhila za punda ni mateke", lakini anayezungumza awe punda mwenyewe.