Mfuko wa Kurusha Ujazwe Mahindi, Usijazwe Mbegu ya Dawa

Kijitabu hiki kimetolewa na ofisi yetu ya afya ya jamii kufuatia malalamiko ya wazazi kuhusu mifuko ya michezo iliyojazwa mbegu za mahindi zenye rangi. Tunalisema mapema na tutalirudia: usijaze mfuko wa kurusha kwa mbegu iliyotiwa dawa. Mwenye haraka akiishia hapa, la muhimu amelipata.

Mchezo wenyewe, wa kurusha mifuko kwenye tundu la ubao, wenyeji wa Cincinnati na kaskazini mwa Kentucky wanauita cornhole. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na kuhamia Lexington na Louisville, zimeukuta kwa majirani na kwenye viwanja vya kanisa. Ni mchezo mzuri, wa gharama ndogo, na baba au mama mwenye msumeno anaweza kuutengeneza nyuma ya nyumba kwa siku moja.

Mbao zinahitajika mbili. Kila moja ni plaiwudi ya inchi 24 kwa 48, yaani sentimita 61 kwa 122, iliyopigiliwa skrubu juu ya fremu. Tundu lina kipenyo cha inchi 6, na kitovu chake kipo inchi 9 kutoka ukingo wa juu, katikati ya upana. Nyuma inainuliwa inchi 12 kwa miguu iliyofungwa kwa bolti ili ikunjike; mbele inabaki na kimo cha inchi 3 hivi. Piga msasa ukingo wa tundu mpaka kitambaa kipite bila kunasa. Miwani ya kinga ivaliwe wakati wa kukata. Mbao hukaa zikitazamana, futi 27 kutoka mbele hadi mbele, karibu mita 8.2. Kila mchezaji hurusha mifuko minne: mfuko ukitua ubaoni ni pointi 1, ukizama tunduni ni 3, pointi za wapinzani hupunguzana, na wa kwanza kufika 21 ameshinda.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hatari imejificha ndani ya fizikia.

Ili kulifikia tundu kwa nguvu ndogo kabisa, mfuko unarushwa kwa pembe ya karibu nyuzi 45, kwa mwendokasi wa takriban mita 9 kwa sekunde. Pembe hiyo ina fadhila nyingine: mkono ukikosea nyuzi moja au mbili, umbali haubadiliki sana. Wachezaji wazuri huuzungusha mfuko ukiwa bapa, kwa sababu kitu kinachozunguka hakipinduki ovyo hewani, nao ukatua kwa tumbo lake. Ubao umeinama nyuzi 11 hivi, na kwa mteremko huo msuguano wa kitambaa unatosha kuuzuia mfuko usirudi chini. Ukipaka vanishi nyingi mno, mifuko itateleza hadi majani ya nyuma.

Lakini kwa nini mfuko na si mpira? Kwa sababu mpira unadunda. Mfuko wa gramu 450 unaofika kwa mwendokasi huo una nishati ya jouli 18 hivi, sawa na jiwe la kilo moja lililoanguka kutoka kimo cha mtu mzima, na bado unatua kwa kishindo kimoja ukatulia. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inamezwa na punje zenyewe: zinasukumana, zinasuguana, zinasagana. Kung'uta mfuko wa zamani juu ya sahani nyeusi uone vumbi linalopenya kwenye kitambaa. Kwa mahindi safi, hilo ni unga. Kwa mbegu ya dawa, kinachosagika kwanza ni ganda la rangi la nje, yaani dawa yenyewe ya kuua kuvu na wadudu. Kila mtupo unaitoa kidogo, na mtoto anaushika mfuko, halafu anashika mkate.

Mbegu hizo ni rahisi kuzitambua. Zina rangi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu, na gunia lake lina onyo kwamba hazifai kwa chakula wala kwa kulisha mifugo. Ukijaza maharage mekundu ya dukani, wekundu huo ni wa asili. Hayo hatuyagombezi, mradi yametoka kwenye rafu ya vyakula.

Wapo wanaosema, "Nitaziosha." Usioshe! Mwaka 1971 ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki ilipelekwa Irak, na maonyo ya magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima hawakuzisoma. Baadhi yao waliiosha, rangi ikatoka, sumu ikabaki. Zaidi ya watu 400 walifia hospitalini. Dawa za leo si zebaki, lakini kosa la kuamini kwamba rangi ikitoka sumu nayo imetoka ni lile lile. Ndiyo sababu ofisi yetu, tena kwa fahari, imeandika onyo hili kwa Kiswahili.

Jaza mahindi makavu ya kulishia mifugo, yenye rangi yake ya asili, au chembe za plastiki kama unachoka na fukusi na mvua. Mifuko yenye mbegu tutakubadilishia bure. Uwe mkazi wa kaunti yetu, uje na barua yenye anwani yako, masharti mengine yamo kwenye fomu ya ofisi. Mifuko hiyo usiichome moto, na mbegu zake usiwape kuku.

Mtoto akizitia mdomoni, usisubiri dalili. Piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu cha Marekani: ni bure, saa 24, na ukisema "Swahili" utapewa mkalimani.