Safari Ndani ya Seli

Lori latoka Beni limepakia magunia ya kakao. Lapanda milima mpaka Butembo. Ukisimama kando ya barabara, waliona likipita. Mwilini mwako pia mna barabara na mizigo, lakini huioni.

Mwili wetu umejengwa kwa seli nyingi mno. Seli ni kama chumba kidogo sana chenye uhai. Ndani yake mna nyuzi nyembamba. Hizo ndizo barabara. Vifuko vidogo hupita juu yake mchana na usiku, vikichukua mizigo ya seli.

Tumeyajuaje hayo? Kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo. Lakini picha ya seli iliyokufa ni kama picha ya lori lililosimama: haikuonyeshi linakokwenda. Kwa hiyo wataalamu huiacha seli iwe hai. Hukitia kifuko alama inayong'aa, kama taa ya lori usiku. Kisha hupiga picha moja baada ya nyingine. Picha zikifuatana upesi, kifuko huonekana kikienda, kikisimama, kikigeuka.

Elimu hii yatuhusu sana sisi watu wa Beni na Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia kwetu. Ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Kirusi cha Ebola huingia kama mwizi aliyejificha ndani ya gunia. Seli hukimeza katika kifuko na kukipeleka ndani zaidi. Huko kirusi hukuta kitu cha seli kilicho kama kufuli. Hukishika, hutoka kifukoni, na kuanza kuongezeka. Wataalamu wameitazama safari hiyo kwa kutumia maganda ya kirusi yenye alama, yasiyoweza kuleta ugonjwa.

Mtu mmoja alipona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Katika damu yake wataalamu, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walipata kinga ya kutengenezea dawa iitwayo mAb114. Dawa hiyo hukishika kirusi, husafiri nacho kifukoni, na kukizuia kisifikie kufuli. Mwizi hubaki amefungiwa guniani.

Dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Katika kila wagonjwa 100 walioipata, kadiri ya 65 walipona. Waliopewa dawa ya zamani zaidi, ZMapp, walipona kadiri ya 50. Tena waliofika mapema walipona wengi zaidi. Basi mgonjwa asifichwe nyumbani: kirusi hakingoji, na dawa isichelewe.

Maswali
1. Barabara za seli ni nini?
2. Kwa nini seli hutazamwa ikiwa hai?
3. Dawa ya mAb114 hukizuiaje kirusi?
4. Kwa nini mgonjwa apelekwe hospitali mapema?