Dondoo muhimu: estrojeni baada ya hedhi kukoma
Estrojeni, yaani homoni ambayo ovari hupunguza kuitengeneza hedhi inapokaribia kukoma, hurudishwa mwilini kwa vidonge, jeli au plasta ili kutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi huongezewa projestojeni, homoni inayozuia ukuta wa ndani wa mfuko huo kunenepa hadi kuleta saratani, na kuiacha kwa kuwa haionekani kuleta nafuu ni kosa kubwa. Plasta, ambayo hubandikwa chini ya kiuno kwenye ngozi kavu isiyopakwa mafuta, kamwe si kwenye titi, haina hatari ya kugandisha damu kama ya vidonge.

Madhara ya dawa hizi kama matiti kuuma na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya miezi michache. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, huenda damu imeganda, na hospitali haisubiri kesho. Utafiti wa Marekani uliositishwa mwaka 2002, baada ya dawa mseto ya estrojeni na projestojeni kuonekana kuongeza saratani ya matiti, uliwatisha wengi, ingawa washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, ilhali manufaa huzidi madhara kwa wengi wanaoanza kabla ya miaka 60.