*Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Bibi Maryam chini ya mtende*



Ndugu zangu, leo tusome Surat Maryam, aya ya 22 mpaka ya 26. Uchungu wa uzazi ulimfikisha Bibi Maryam (alayhas salaam) kwenye shina la mtende, yuko peke yake. Hapo akatamani angekufa kabla ya siku ile, akasahaulika kabisa. Maneno mazito hayo, na aliyeyasema ni mwanamke aliyeteuliwa na Mola wake.

Sasa angalia alivyojibiwa. Hakukemewa wala hakuambiwa imani yake ni ndogo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa atikise shina tende zimwangukie, ale, anywe, atulie. Na akimwona mtu, asilazimike kumjibu. Ajulishe tu kwamba ameweka nadhiri ya kunyamaza.

Jamani, na sisi tunawajibuje watu wetu?

Mdogo wangu wa kike (amenipa ruhusa niandike) alijifungua kwa upasuaji miaka miwili iliyopita. Damu ilimtoka nyingi, watu wakawa wanakimbia huku na huku, na hakuna aliyemwambia kinachoendelea. Aliamini anakufa. Alirudi nyumbani na mtoto mzima, kidonda kikapona, ila yeye hakupona. Usiku anashtuka analia. Akisikia harufu ya spiriti anatetemeka. Tarehe ya kliniki ikifika, hakosi sababu ya kutokwenda, mpaka mtoto akapitwa na chanjo.

Mimi kaka yake nikamwambia: "Mshukuru Mungu, wangapi wamezikwa?" Nilidhani namliwaza. Kumbe nilimfunga mdomo. Alinyamaza miezi saba.

Hali hii inajulikana kwa wataalamu wa afya ya akili. Hatari imepita, lakini mwili bado unajilinda kama vile ipo. Humpata aliyejifungua kwa shida, aliyelazwa mahututi, mtoto aliyeshikwa kwa nguvu achomwe sindano, hata mzazi aliyesimama pembeni akitazama. Si upungufu wa imani. Na si kila anayeshtuka usiku ana jini.

Tena wengi hawasemi upesi. Utafiti mmoja wa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, uliwauliza akina mama kama walitendewa vibaya walipokuwa wakijifungua. Walipoulizwa wakitoka tu kituoni, karibu 2 kati ya 10 walisema ndiyo. Walioulizwa tena nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakawa karibu 3 kati ya 10. Yaani mtu anahitaji muda, na mahali asipoogopa.

Mdogo wangu alisaidiwa na nesi wa afya ya akili. Hakumharakisha. Kwanza alimfundisha kupumua polepole, nyayo zikiwa chini, mpaka mwili utulie. Habari yenyewe aliitoa vipande vipande, siku anayoweza. Nesi akamweleza kwa nini siku ile watu walikimbia: walikuwa wanawahi kuizuia damu. Hilo hakuwahi kuambiwa na mtu. Halafu wakaanza kurudi hospitali kidogo kidogo. Siku ya kwanza aliishia getini, akakaa chini ya mwembe mpaka moyo ukatulia, akarudi nyumbani. Siku nyingine akafika kwenye benchi la kliniki. Mwishowe mtoto akachanjwa.

Mwenyezi Mungu angeweza kuziangusha tende bila Bibi Maryam kugusa shina. Lakini alimpa kazi ndogo anayoiweza. Mtu aliyewahi kulala mezani hana kauli juu ya mwili wake anahitaji hilo: kitu anachokiamua mwenyewe.

Sasa ni mjamzito tena, atajifungua baada ya Idi in shaa Allah. Bado anaogopa. Ameomba mama awe naye leba, na ameanza kuulizia mapema kliniki kama wataruhusu. Shirika la Afya Duniani limelipendekeza jambo hilo tangu 2018, mzazi awe na mtu anayemtaka mwenyewe. Na usafiri tumeupanga mapema, maana mnaijua Mbwemkuru na barabara zetu wakati wa masika.

*Amali ya leo:* ukishika tende ya futari, mkumbuke mtu mmoja wa kwako aliyetoka hospitali. Muulize, "Ilikuwaje kule?" kisha nyamaza usikilize. Asipotaka kusema, muache, ila usimuache mbali. Hofu na ndoto mbaya zikizidi mwezi, mpeleke hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, muulizie huduma ya afya ya akili. Akitamka kwamba anatamani kufa, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo. Dua tunaendelea nayo, na matibabu pia, kwani Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, miili na nyoyo zao, na utupe ndimi zinazoliwaza. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah, siku ya 13.